Sikio Si Geji, Jamani!

Leo nawaka. Nimetumiwa tena ujumbe: tutumie geji ya mizunguko ya injini, iwe na taa nzuri. Taa za nini? Lile pikapu la Peugeot 504 la Baba Mdogo linalisha nyumba nzima, haliendi disko!

Eti fundi anaseti taiming kwa sikio. Ndani ya disitributa ya zamani mna vyuma vinavyowahisha cheche injini ikiongeza mwendo. Akiseti injini ikiwa kwenye 1,200 huku akidhani ni 800, vyuma huenda vimeshaanza kufunguka. Ikitulia, cheche inachelewa: gari halina nguvu, linachemka, linakunywa petroli. Halafu lawama zote kwa kabureta, maskini.

Na hizo geji za bei chee nazo! Nyingi zina swichi ya silinda 4, 6 na 8. Injini yetu ya silinda 4 hutoa cheche 2 kila mzunguko, yaani 800 ni cheche 1,600 kwa dakika. Swichi ikiachwa kwenye 8, geji inasoma 400, na fundi anazidi kupandisha!

Nitatuma ile ya mkononi, inayomulika karatasi ya kung'aa iliyobandikwa kwenye puli ya krenki. Haijali silinda ngapi. Kabla ya kuitumia, ielekezeni kwenye taa ya tyubu ya zamani, ile yenye choki. Umeme wa huko ni hezi 50, kwa hiyo isome 6,000 au karibu sana. Ikisoma 5,000 msimpe fundi, nirudishieni.