SHAHADA YA KUNUNUA NI USHAHIDI WA UONGO: Neno kwa anayejiandaa kuanza masta



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), aali zake na masahaba zake.

Amma baad.

Ndugu zangu wa Maganzo, Mwadui, Mhunze, Shinyanga mjini, Kahama na mpaka Geita, huu ni msimu wa maombi ya vyuo. Walimu, wauguzi, maafisa kilimo, vijana wenye digrii wanaohangaika migodini, wengi wanajiandaa kuanza masta. Jambo hilo ni jema, na asije mtu akasema sheikh anapinga elimu ya chuo kikuu. Umma ambao amri ya kwanza iliyomshukia Mtume wake ilikuwa kusoma hauwezi kupinga kusoma.

Ninachokipinga leo ni aina ya maandalizi ambayo imeenea na watu wanaiona ya kawaida. Kijana mmoja alinitumia ujumbe: "Sheikh, niombee dua. Ada nimeshapata, mtu wa kuniandikia tasnifu nimeshampata, bado kibali cha mwajiri tu." Soma tena ujumbe huo. Hajaingia darasani hata siku moja, hajajua atatafiti nini, lakini mwandishi ameshapatikana, na wamekubaliana alipe nusu kwanza, nusu akimaliza. Na anaomba dua Allah ambarikie!

Nitamjibu hapa hadharani bila kumtaja, kwa sababu hayuko peke yake.

NENO SHAHADA LINA MAANA GANI?

Waswahili hatukukosea tulipoiita digrii "shahada". Shahada ni ushahidi. Chuo kinashuhudia mbele ya watu kwamba fulani amesoma jambo hili, amelitafiti, analijua. Na wewe mwenyewe unashuhudia. Fungua tasnifu yoyote ya vyuo vyetu, utakuta kurasa za mwanzo kuna ukurasa wa tamko. Mwanafunzi anaandika kwamba kazi hii ni yangu mwenyewe na haijawasilishwa chuo kingine kupata shahada. Chini yake anatia saini na tarehe. Msimamizi naye anatia saini yake kuthibitisha.

Sasa wewe uliyelipa mtu akuandikie, siku hiyo unatia saini ya nini? Ni ushahidi wa uongo, kwa maandishi, kwa mkono wako, na utawekwa maktaba usomwe miaka hamsini. Na msimamizi wako umemtia ndani ya uongo huo bila yeye kujua.

Mtume wetu (s.a.w) alipokuwa akiwatajia masahaba madhambi makubwa, alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo aliinuka akakaa, akalirudia neno hilo mara nyingi mpaka masahaba wakatamani anyamaze kwa kumhurumia. Hadithi hiyo iko kwa Bukhari na Muslim. Sisi jambo lililomwinua Mtume tunalifanya huku tumeegemea kochi, tunatuma pesa kwa simu.

Na katika hadithi nyingine alimfananisha mtu anayejionesha ana kitu ambacho hakupewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Basi lifikirie joho la mahafali lililokaa juu ya tasnifu ya mtu mwingine. Unapigwa picha na mama yako, watu wanapiga vigelegele, na wewe peke yako unajua umevaa nini.

HOJA ZAO NA MAJIBU YAKE

Hoja ya kwanza: "Sheikh, ni karatasi tu. Kazi naijua, nataka kupanda daraja."

Kama ni karatasi tu, kwa nini unailipia mamilioni? Unajua kuwa ndani yake kuna cheo, mshahara na heshima, na vyote hivyo unavichukua kwa ushahidi usio wa kweli. Mtume (s.a.w) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema mvua ndiyo imelilowesha. Akamuuliza kwa nini asiuweke unyevu huo juu watu wauone, kisha akasema kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Hilo lilikuwa rundo la chakula. Rundo lako ni elimu ambayo watu wataitegemea kwa afya zao na watoto wao.

Sisi wa Maganzo hatuhitaji kufundishwa habari hii. Mji huu unaishi kwa mawe. Mtu akileta kipande cha kioo akasema ni almasi, mnamwitaje? Mbona hamsemi "ni jiwe tu"?

Hoja ya pili: "Kila mtu anafanya, hata wakubwa."

Wengi kufanya jambo hakulihalalishi. Na hata kwa hesabu ya dunia, wengi hawakuwahi kuwa ngao. Mwezi wa Aprili 2017, ripoti ya uhakiki iliyokabidhiwa kwa Rais Magufuli pale Dodoma ilitaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Walikuwa wengi, tena wenye familia na mikopo ya benki. Wingi wao haukuwasaidia kitu, waliondolewa kazini. Ikiwa hesabu ya serikali ilifika, ya Allah itachelewa?

Hoja ya tatu: "Sina muda. Nina kazi, nina mke na watoto."

Hii ndiyo hoja yenye uzito kidogo, na jibu lake ni kwamba kama huna muda wa kusoma, basi huna muda wa masta kwa sasa. Hakuna aya wala hadithi inayokulazimisha uwe na masta mwaka huu. Subiri. Au tafuta mfumo unaolingana na maisha yako. Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa Shinyanga, na watu wanasoma huku wanafanya kazi. Kusoma taratibu si aibu.

Hoja ya nne ni ya wale waandishi wenyewe: "Sheikh, hii ni ajira yangu, vijana hatuna kazi."

Ndugu yangu, wewe una akili ya kuandika tasnifu tano kwa mwaka za watu wengine, na huna yako hata moja! Malipo ya kumsaidia mtu katika haramu ni haramu. Fundisha. Mfundishe mtu takwimu mpaka ajue, mlipishe kwa saa, hiyo ni halali na ina baraka.

MAANDALIZI YA KWELI NI YAPI?

Nisije nikakataza nikaondoka. Tazama waliotutangulia.

Nabii Musa (a.s), mtume aliyesema na Mola wake, aliambiwa kuna mja mwenye elimu ambayo yeye hana. Akafunga safari, akaapa hatasimama mpaka afike hata ikimchukua miaka. Alipofika aliomba ruhusa kwa adabu amfuate ili afundishwe, na akapewa sharti la subira. Kisa hicho kimo katika Surat al-Kahf. Mtume anakubali kuwa mwanafunzi! Wewe mwenye GPA ya 3.8 unakasirika msimamizi akikurudishia andiko mara ya tatu.

Jabir bin Abdillah (r.a), sahaba, alisikia kuna hadithi moja iko kwa Abdullah bin Unays huko Sham. Akanunua ngamia, akasafiri mwezi mzima kwa ajili ya hadithi moja. Angeweza kuipokea kwa yule aliyemsimulia akasema "nimeisikia". Lakini wao walijua tofauti ya kusikia na kudai umesikia. Wanazuoni wa hadithi waliweka hata jina la kosa la mtu anayeficha alikotoa habari yake. Waliita tadlis, na mwenye kosa hilo aliandikwa vitabuni ili watu wajihadhari naye. Kunakili maneno ya watu bila kuwataja si jambo la kizungu lililoletwa na kompyuta za vyuo. Maulamaa wetu walilikemea zaidi ya miaka elfu iliyopita.

Na wa kwetu pia wapo. Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija 1861 na kufariki Zanzibar 1925, alikuwa tayari kadhi akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Cheo alikuwa nacho. Miaka ile ya 1880 aliondoka akaenda Istanbul, Misri na Makka, akakaa tena mbele ya masheikh kama mwanafunzi. Kisha akarudi Zanzibar na ukadhi akaushika tena. Hiyo ndiyo masta yake.

Basi wewe unayeanza mwaka huu, fanya haya:

1. Tengeneza nia, uswali istikhara. Jiulize unataka kujua nini, kabla ya kujiuliza utapanda daraja gani.

2. Hakiki kozi. Hakikisha chuo na programu vinatambuliwa na TCU. Vyuo vingi vinadai shahada ya kwanza yenye GPA isiyopungua 2.7. Usiende kudanganya matokeo, mlango wa kwanza ukiwa wa uongo nyumba nzima ni ya uongo.

3. Piga hesabu ya pesa mbele ya mkeo au mumeo. Kama bado unakatwa asilimia 15 na Bodi ya Mikopo kwa deni la shahada ya kwanza, jumlisha na hilo. Nafaka ya watoto ni wajibu, masta si wajibu. Usikimbilie mkopo wa riba halafu ukasema unatafuta radhi za Allah.

4. Pata kibali cha mwajiri kwa maandishi kabla ya kuondoka. Kutoroka kituo huku unapokea mshahara ni wizi wa mali ya umma.

5. Anza kusoma sasa. Makala moja kila wiki ya fani yako, na daftari pembeni. Andika kwa maneno yako mwenyewe ukurasa mmoja kila makala. Kufikia mwezi wa kumi utakuwa na mwanzo wa andiko lako, tena la mkono wako.

6. Jifunze mipaka ya msaada. Kumlipa mtu akuchapie, akusahihishie lugha, akufundishe programu ya takwimu, akusaidie kupita nyumba kwa nyumba na dodoso ukamtaja, hayo hayana ubaya kwa kadiri chuo chako kinavyoruhusu. Kumlipa afikiri badala yako, aandike badala yako, au abuni majibu ya watu ambao hawakuulizwa, huo ni uongo.

MASWALI YAKO MLANGONI

Wengine wananiambia, "Sheikh, nanunua kwa sababu sijui nitafiti nini." Subhanallah! Mtu wa Maganzo anasema hivyo?

Dkt. John Williamson, Mkanada, alikuja nchi hii akiwa na shahada ya udaktari wa jiolojia kutoka chuo cha McGill. Alitafuta miaka, kwa shida na maradhi, mpaka mwaka 1940 akalipata bomba la almasi la Mwadui. Wazee wetu waliikanyaga ardhi hiyo hiyo wakichunga ng'ombe. Simsifu kwa utajiri aliouchukua. Nakuonesha kwamba alikuja na swali na elimu ya kulijibu, elimu aliyoisoma mwenyewe. Cheti cha kununua kisingemwonesha jiwe hata moja.

Tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi huo ulipasuka. Tope likaingia kwenye nyumba na mashamba ya watu wa vijiji vya jirani. Visima vikoje leo? Udongo unaota nini? Fidia ilihesabiwaje, na mjane asiye na hati alihesabiwaje? Kule Geita wachimbaji wadogo wanashika zebaki kwa mikono, na watoto wako pembeni. Maswali hayo yanasubiri mtu mwenye subira, aliyepata barua ya chuo, akapita kwa Katibu Tawala na kwa mtendaji wa kijiji, akakaa kwenye kigoda na kumsikiliza mama wa watu.

Sasa fikiri. Mwandishi wako wa kulipwa yuko mjini mbali. Usiku mmoja anajaza dodoso mia moja chumbani. Mama aliyepoteza nyumba yake anaandikwa amejibu "naridhika kiasi", na hajawahi kuulizwa na mtu. Kesho wewe unakuwa afisa, unaitwa kwenye kikao utoe ushauri wa kitaalamu kuhusu mama huyo huyo, na huna unachokijua. Siku ya Kiyama atakushika yeye, na wewe utamwonesha cheti?

Kwa ambaye ameshafanya, mlango wa tawba haujafungwa. Jute, azimia usirudi, na jifunze kweli kile unachodai kukijua ili usiendelee kuwadhulumu watu. Habari ya cheo na mshahara ulioupata kwa njia hiyo, mwendee mwanazuoni unayemwamini uso kwa uso, umweleze bila kuficha. Hukumu ya hali ya mtu mmoja haitolewi kwenye chapisho.

Na wewe uliyenitumia ujumbe, dua nitakuombea. Namuomba Allah auvunje mkataba wako na huyo mwandishi kabla hujalipa nusu ya kwanza, akupe swali lako, subira ya Musa, na mkono wako mwenyewe wa kuandika.

Ewe Mola, tunakuomba elimu yenye manufaa, riziki ya halali na amali yenye kukubaliwa. Amin.

Wallahu a'alam. Mtumie ndugu yako anayejaza fomu za chuo wiki hii.