Umeweka, Lakini Je, Imekaa?

Mvua imenyesha tangu alasiri na stima imerudi sasa hivi tu. Nilikuwa nimeahidi kuandika juu ya jambo jingine kabisa, lakini ahadi hiyo itangoja. Leo nina hasira, na nimeona niitoe kabla haijapoa.

Hasira yangu ni juu ya neno moja tunalolipenda sana sisi waandika programu: NIMEWEKA. Mwulize fundi yeyote kwa nini programu yake inapoteza ujumbe. Atakujibu bila kuinua macho: "Haiwezekani, nimeweka muda wa kusubiri. Nimeweka ukubwa wa foleni. Nimeweka kila kitu." Sawa ndugu yangu, umeweka. Lakini je, imekaa? Nani amekuambia imekaa?

Ngoja nieleze yaliyonipata, kisha mseme kama nina haki ya kukasirika.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikimtunzia programu mfanyabiashara mmoja wa mahindi. Ghala lake na mizani viko hapa Kitale, afisi ya malipo iko Bungoma. Mkulima akileta magunia, karani anapima, programu inatuma uzito na jina hadi Bungoma, na kule wanalipa. Kazi ya kupeleka ujumbe tuliipa ZeroMQ.

Kwa wasioijua, ZeroMQ ni maktaba ya programu inayopeleka ujumbe kutoka programu moja hadi nyingine. Ilianza mwaka 2007 katika kampuni ya iMatix ya Ubelgiji. Jina lililovuma zaidi nyuma yake ni la Pieter Hintjens, aliyefariki mwaka 2016. Mzee huyo alizaliwa Kongo mwaka 1962 na kukulia Afrika Mashariki, kwa hiyo msiniambie haya ni mambo ya watu wa mbali! Ndani ya maktaba hii unatumia soketi. Soketi ni kama dirisha la posta: unakabidhi barua, wenye posta wanajua njia. Kila soketi ina mipangilio yake. Unaiweka kwa zmq_setsockopt, na unaisoma kwa zmq_getsockopt. Hilo la pili ndilo tusilolitumia.

Mpangilio mmoja unaitwa ZMQ_LINGER. Unasema hivi: soketi ikifungwa huku bado kuna ujumbe haujaondoka, isubiri milisekunde ngapi? Ukiweka -1 itasubiri bila mwisho. Ukiweka 0 ujumbe uliobaki unatupwa papo hapo, bila kilio wala onyo. Faili yetu ya mipangilio ilisema 60000, yaani dakika moja. Niliiandika mwenyewe kwa vidole vyangu. NILIWEKA.

Jioni moja ya Novemba, mavuno yamepamba moto, mtandao ukalegea. Ujumbe wa magunia ya mwisho ukabaki kwenye foleni. Saa kumi na moja karani akafunga programu, akafunga mlango, akaenda zake. Mtandao ukarudi dakika hiyo hiyo, lakini foleni ilikuwa imekwisha kutupwa. Asubuhi yake mama mmoja akapanda matatu ya kupitia Webuye hadi Bungoma kuchukua pesa za magunia 14 ya kilo 90. Akaambiwa, "Mama, kwenye kompyuta haupo." Akarudi Kitale na karatasi yake ya mizani mkononi, akaja moja kwa moja kwangu.

"Mwanangu," aliniambia, "nauli nimelipa mara mbili, ada ya shule bado inaningoja, na hicho chombo chako kinasema sikuleta mahindi."

Nikamjibu nini? Nikamwambia haiwezekani, nimeweka dakika nzima. Aliniangalia tu.

Usiku huo nikaongeza mistari miwili kwenye programu:

thamani = soketi.getsockopt(zmq.LINGER)
print("LINGER:", thamani)

Ikajibu: 0. Faili ilisema 60000, soketi ikasema 0! Kumbe kwenye faili ya JSON nilikuwa nimeandika "Linger" kwa herufi kubwa, na programu ilikuwa ikitafuta "linger" kwa herufi ndogo. Isipolipata, ilikuwa imeagizwa itumie 0. Sifuri hiyo iliandikwa na aliyenitangulia, kwa sababu makarani walilalamika kwamba mtandao ukipotea programu inakataa kufunga. Kosa la herufi moja, na mama wa watu anaambiwa hakuleta mahindi. Miezi minane kosa lilikaa pale, na miezi hiyo yote mistari miwili ingelionyesha siku ya kwanza.

Nilipowasimulia wenzangu kisa hiki nilidhani watashtuka. Wapi! Walikuja na hoja tatu. Nazijibu moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza: "Mwongozo umeeleza thamani za kuanzia, ya kusoma nini tena?" Mwongozo wa toleo lipi, ndugu? Katika mfululizo wa 2 wa ZeroMQ kulikuwa na ZMQ_HWM, kikomo cha foleni, na thamani yake ya kuanzia ilikuwa 0, maana yake hakuna kikomo. Kuanzia mfululizo wa 3 kiligawanywa viwili, ZMQ_SNDHWM cha kutuma na ZMQ_RCVHWM cha kupokea, na kila kimoja kinaanzia 1000. Aliyesoma somo la zamani anaamini foleni yake haina mwisho, kumbe ina mwisho. Hata aina ya namba hubadilika. ZMQ_RCVMORE ilikuwa namba ya biti 64 katika mfululizo wa 2, ikawa int ya kawaida baadaye. Ukiandika kwa C unampa getsockopt sanduku pamoja na ukubwa wake, naye anakurudishia ukubwa alioujaza. Wangapi huangalia ukubwa uliorudi? Kwa hiyo mwongozo usome, lakini soketi iliyo mbele yako iulize pia.

Hoja ya pili: "Ni kazi ya ziada." Mipangilio inayogusa usalama wa data yetu haizidi kumi. Unaizungusha kwenye kitanzi kimoja mara programu inapoanza, unaandika thamani zake kwenye faili ya kumbukumbu pamoja na namba ya toleo la maktaba, basi. Ukitaka kuwa mkali zaidi, thamani iliyosomwa ikitofautiana na iliyotakiwa, programu ikatae kuanza. Heri programu inayogoma saa mbili asubuhi fundi akiwa macho kuliko inayokubali kila kitu na kutupa mahindi ya watu jioni.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu, na aliyeitoa ni rafiki yangu wa Bungoma, kwa hiyo sitaikwepa. Alisema: "Hata ukisoma, soketi yenyewe inaweza kukudanganya."

Ana haki. Mimi mwenyewe yalinifika mwezi uliofuata. Wakati wa chakula cha mchana mizani haifanyi kazi, na muunganisho ukikaa kimya kwenye mtandao wa simu, vyombo vya katikati huusahau. Ujumbe wa kwanza wa alasiri ukawa unapotea. Nikaweka ZMQ_TCP_KEEPALIVE kuwa 1, na ZMQ_TCP_KEEPALIVE_IDLE kuwa sekunde 60, kwa sababu Linux ikiachiwa yenyewe husubiri sekunde 7200, saa mbili nzima, kabla ya kubisha hodi. Safari hii nikasoma. Soketi ikajibu 1 na 60. Nikatabasamu. Kesho yake ujumbe ukapotea tena!

Kosa lilikuwa mpangilio wa mistari. Nilikuwa nimeita connect kwanza, nikaweka thamani baadaye. Mwongozo wa zmq_setsockopt unaonya waziwazi: ukiacha mipangilio michache iliyotajwa, ikiwemo LINGER, mingine hufanya kazi kwa miunganisho itakayofuata tu. Soketi ilikuwa imepokea agizo langu na kulikumbuka vizuri. Muunganisho uliokuwa tayari njiani haukupata habari.

Je, hii inamaanisha kusoma ni bure? La hasha! Inamaanisha ujue unachosoma. getsockopt inakuambia soketi imeshika agizo gani. Haikuambii waya unafanya nini. Hata mfumo wa Linux una tabia zake: ukiomba SO_RCVBUF ya kiasi fulani, kernel huzidisha mara mbili kwa matumizi yake ya ndani, na ukisoma unapata hiyo iliyozidishwa. Aliyesoma anajua. Aliyesema "nimeweka" hajui lolote.

Kwa hiyo nasema hivi. Weka, soma, ndipo uunganishe, kwa utaratibu huo. Ukiona -1 kwenye keepalive usiseme umepata jibu, maana -1 hapo ni "uliza mfumo wa uendeshaji". Kisha chomoa waya kwa mkono wako, hesabu ujumbe uliotumwa na uliofika. Na kama pesa za mtu zinategemea ujumbe huo, upande wa pili urudishe risiti, kwa sababu hakuna mpangilio wa soketi unaoweza kukuthibitishia kwamba Bungoma wamepokea.

Yule mama alilipwa, wala si kwa sababu ya ufundi wangu. Alilipwa kwa sababu hakuamini neno la mtu: aliomba karatasi ya mizani, akaisoma pale pale kabla ya kutoka getini, akaitunza. Yeye alikuwa na karatasi. Mimi, fundi mzima, nilikuwa na "nimeweka".

Haya, kazi kwenu. Kesho ukifika kazini, kabla ya chai, fungua programu yako na uiulize soketi moja tu ina nini ndani. Ukikuta ndicho ulichoandika, nitafurahi nawe. Ukikuta sifuri, usinipigie simu usiku huu, stima imeanza kucheza tena.

Alamsiki.