Mpira Umeokotwa, Kadi Imenenepa

Kuna wizi unaofanyika kwenye viwanja vya gofu mchana kweupe, mbele ya wachezaji na makedi, na mwishoni mwizi anakabidhiwa kikombe na kupigiwa makofi.

Tazameni unavyotendeka. Shimo ni la pa 4, yaani kipimo chake ni mikwaju minne. Bwana mwenye handikapu ya 18, yaani mikwaju anayopunguziwa mashindanoni, amefika kwenye grini kwa mikwaju mitatu, mpira wake umelala mita moja kutoka shimoni. Mpinzani wake kapotelea vichakani, kakata tamaa, kampa shimo. Bwana anainama, anaokota mpira, anautia mfukoni. Hadi hapo hajamkosea mtu. Uchafu unaanza kalamu ikitoka. Sheria ya handikapu haina fumbo: hesabu mikwaju uliyopiga, na adhabu kama ipo, kisha ongeza ile ambayo yaelekea ungehitaji kumalizia. Mpira ukiwa kwenye grini, ndani ya mita moja na nusu, unaongeza mmoja. Tatu na moja ni nne. Yeye anaandika saba!

Saba hiyo hakuiokota hewani. Ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa: pa, na mbili, na mkwaju mmoja anaopewa na handikapu yake. Dari hiyo iliwekwa ili shimo moja la balaa lisipotoshe uwezo wa mtu. Yeye kaigeuza sakafu.

“Ni kadi moja tu,” atasema. Mwongo! Tangu mfumo wa dunia wa handikapu wa R&A na USGA, watunga sheria za gofu, uanze mwaka 2020, handikapu ni wastani wa matokeo 8 bora kati ya 20 ya karibuni. Kadi moja mbovu inawekwa kando na nyingine 11, kwa kawaida haimpandishi mtu. Anayetaka kupanda kwa hila sharti adanganye wiki baada ya wiki, hadi kadi zake za kweli zisukumwe nje. Huko si kupitiwa, hiyo ni kazi ya kudumu. Na watunga sheria walimjua: akizidi 3 juu ya handikapu yake ya chini kabisa ya mwaka, kila kinachozidi kinakatwa nusu, kupanda kwake kukifika 5, mlango unafungwa.

Wanaojipunguzia handikapu ili wajigambe kaunta, waacheni. Watalipia wenyewe siku ya mashindano.

Na wewe unayeficha kadi ukidai mvua ilikukatiza? Tangu 2024 mashimo tisa yanatosha. Yaliyobaki mfumo unayajazia. Peleka!

Msiniambie kedi ndiye aseme. Ni kweli anajua mpira ulilala wapi, maana bendera aliishika yeye. Lakini ujira wake unatoka mfuko uleule ulioumeza mpira. Wa kusema ni sisi tunaocheza naye, na kamati za handikapu zinazonong’ona jikoni kisha zinampa bingwa mkono sebuleni. Kamati ina mamlaka ya kurekebisha handikapu ya mtu. Inaogopa nini, kuikosa bili ya baa ya bingwa huyo?

Jumamosi akiokota mpira, mwulizeni palepale juu ya grini, kwa sauti: ngapi? Atakayoitaja ndiyo iandikwe, na isibadilike akifika mezani.