Makelele ya ndeke ya vita inatoka wapi?

Bengi banafikiri makelele ya ndeke ya vita inatoka ndani ya moteri. Apana. Mwaka 1952, Mwingereza James Lighthill alionyesha kwa hesabu kama hewa yenyewe, ikichafuka kwa nguvu, njo inazaa makelele.

Mwaka 2009, bafundi ba chuo kikuu cha Brigham Young, kule Marekani, balipanga mikro mingi karibu na ndeke F-22 yenye kufungwa chini. Ramani yabo ilionyesha kama makelele kubwa inatoka mita kadhaa nyuma ya moteri, pale hewa ya moto inachanganyika na ya baridi.

Basi kufunika moteri haitoshi. Inafaa kupunguza mbio ya ile hewa. Ndeke ya abiria inafanya vile. Ya vita inataka mbio, basoda banabakia na vizibo vya masikio.

Sisi bantu ba mugodi tunajua ile hali. Mashini ya kutoboa mawe inayoendeshwa na hewa, makelele yake mingi inatoka pale inatemea hewa, na pale kizuizi kinaweza kuwekwa. Vizibo tuvae, ndiyo. Lakini tuulize bakubwa ba kazi: kizuizi kiko wapi? Sikio likikufa halirudi.