Wimbo, Jukwaa na Kifungo: Maoni Kuhusu Safari ya Joseph Mbilinyi

Ni rahisi kuichukulia safari ya Joseph Mbilinyi, yaani Mr. II au Sugu, kuwa kisa cha msanii aliyefungwa kwa sababu ya nyimbo zake. Katika makala haya tunadai kuwa mtazamo huo unapotosha, na kwamba unatufichia jambo la msingi kuhusu dhima ya wimbo katika siasa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mbilinyi aliimba "Hali Halisi", wimbo uliowasema wanasiasa na kueleza ugumu wa maisha. Msikilizaji wa Chimala, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya, aliweza kumtambua anayesemwa bila kutajiwa jina. Wimbo huo haukumfunga mtunzi. Mwaka 2010 alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini kwa tiketi ya CHADEMA, akadumu hadi 2020. Februari 2018 ndipo mahakama mjini Mbeya ilipomhukumu kifungo cha miezi mitano kwa kumkashifu Rais John Magufuli. Maneno yaliyomtia hatiani aliyatamka katika mkutano wa hadhara, si katika wimbo.

Historia ya fasihi yetu inacho kisa kinachoshabihiana na hicho. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya mwaka 1969 kwa waraka wa nathari, *Kenya: Twendapi?* Mashairi aliyotunga gerezani, *Sauti ya Dhiki*, yalichapishwa 1973, na mwaka uliofuata yakapata tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga.

Hatusemi kwamba wimbo una kinga kamili. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo "Wapo". Hata hivyo aliachiwa upesi, na Rais mwenyewe akashauri uongezewe maneno. Hapo ndipo penye nguvu na udhaifu wa wimbo: nafsineni humpa mtunzi pa kujificha, lakini pia humpa mtawala nafasi ya kujifanya kwamba anayesemwa ni mwingine, hata akausifu. Hotuba haimwachii nafasi hiyo.

Kwa hiyo, Mbilinyi alipopanda jukwaani alilivua pazia la fumbo, na gharama yake ikawa gereza. Mtafiti anayechambua nyimbo zake pekee, akaziacha hotuba, atakuwa amesoma nusu tu ya kazi yake.