Kitovu cha kinga hakingoji barabara itengenezwe

Lubumbashi. Kila alfajiri, jua likiwa bado halijatoka, barabara za Kasenga, Likasi na Kipushi zinajaa kinga zinazoingia mjini na magunia ya makala. Mwenye kinga hapandi. Anasukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye gunia. Makala hayo ndiyo yanapika bukari ya Katuba, ya Kenya na ya Ruashi, na hata ya nyumba nyingi za komini ya Lubumbashi, kwa sababu umeme unakatika bila kuaga.

Na karibu kila siku kuna kinga iliyosimama kando ya njia, mpira wa nyuma umelala upande, magunia chini. Kitovu kimekufa. Siku ya kazi imekufa pamoja nacho, na watoto nyumbani wanangoja. Wapita njia wanatikisa kichwa: "Ni barabara." Barabara ni mbovu, hakuna anayekataa, na walio na wajibu wa kuitengeneza wasisamehewe. Lakini kitovu hicho hakikufa asubuhi hiyo. Kilikuwa kinalia kwa wiki nyingi, na hakuna aliyekifungua. Mji huu umezoea kungoja kitu kife ndipo kiangaliwe, na desturi hiyo inawala maskini kuliko barabara.

Kitovu ni kile kipande cha chuma katikati ya gurudumu, pale spoki zote zinapokutana. Ndani yake mnapita ekseli, na kila upande kuna gololi zinazozunguka kati ya kikombe na koni. Kwenye kinga nyingi, kitovu cha nyuma kina gololi tisa kila upande, kumi na nane kwa jumla, kila moja na upana wa milimita 6 na kidogo. Uzito wote wa makala unakalia hizo gololi kumi na nane, na juu yake mnyororo unavuta upande mmoja. Kiangazi kinaingiza vumbi jekundu. Mvua inaingiza maji. Grisi ikiisha, vumbi linageuka kuwa msasa, koni inatoboka vishimo, gololi zinapasuka, mwishowe ekseli inakatika.

Kujua kama kitovu kinaumwa hakuhitaji fundi wala franka. Mwenye kinga anainua nyuma, anashika rimu na kuitikisa kushoto na kulia. Ikicheza, koni imelegea. Anazungusha gurudumu polepole huku mkono mwingine ukiwa juu ya fremu. Akisikia kitu kinakwaruza kama mchanga, ndani kumekauka. Mtoto wa miaka kumi anaweza kufanya kipimo hicho kila Jumapili.

Dawa yake ni kazi ya saa moja uani. Gurudumu linatolewa na kulazwa juu ya kitambaa, ili gololi zisipotelee mchangani. Upande usio na mnyororo, nati ya kufungia inalegezwa na koni inatolewa, kisha ekseli inavutwa kutoka upande wa pili. Gololi zinahesabiwa. Kila kitu kinaoshwa kwa mafuta ya taa na kupanguswa mpaka king'ae. Koni yenye vishimo inabadilishwa. Gololi zilizochakaa zinabadilishwa zote pamoja, za kipimo kimoja, kwa maana moja mpya kati ya nane za zamani itabeba mzigo peke yake na kupasuka. Kisha grisi mpya inajazwa kwenye vikombe, gololi zinapangwa ndani, ekseli inarudi. Koni inakazwa mpaka gurudumu lisicheze lakini lizunguke bila kukwama. Hapo koni inashikwa kwa spana bapa isizunguke, na nati inakazwa juu yake. Basi.

Hapa ndipo penye ugomvi wa kwanza. Kando ya njia wapo wanaomimina mafuta machafu ya injini ndani ya kitovu na kumwambia mteja kwamba kinga imepona. Inanyamaza kwa siku mbili tatu, ni kweli. Lakini mafuta hayo ni mepesi, yanavuja na kuacha chuma kikavu, tena yamebeba unga wa chuma kutoka kwenye injini. Huko si kutengeneza. Ni kumfunga mgonjwa mdomo. Mafuta mepesi na safi yana mahali pake, ndani ya friwili, matone machache tu. Huko grisi nzito ndiyo mbaya, kwa sababu inanasa vile vijino vidogo, na pedali zinazunguka bure.

Ugomvi wa pili ni na wanaosema, "Kazi hiyo ni ya fundi, mwenye nyumba ataharibu." Mwanamke anayejua kuosha sufuria na kuhesabu makopo ya unga sokoni anaweza kuosha kikombe cha kitovu na kuhesabu gololi tisa. Binti yake pia. Na fundi hatakosa kazi: rimu zilizopinda, spoki zilizokatika, fremu za kuchomelea, zote ni zake. Fundi mwema mwenyewe anapendelea kinga inayotunzwa kuliko maiti ya kinga inayoletwa kwa kubembeleza mkopo.

Ugomvi wa tatu ndio mzito. Familia zilizokimbia Mitwaba, Pweto na Manono, pale palipopewa jina la pembetatu ya kifo, zinajua thamani ya kinga kuliko yeyote. Kinga ilibeba mgonjwa, mtoto na sufuria kwa njia moja. Kwa aliyefika mjini bila shamba, kinga ndiyo shamba. Hivyo yeyote anayegawa kinga kwa waliohama, akapiga picha na kuondoka bila kuacha spana na kikopo cha grisi, amegawa nusu ya kinga. Nusu hiyo itasimama kando ya barabara kabla ya mvua kurudi, na atakayelaumiwa ni mwenye kuipokea, ataambiwa hajui kutunza.

Kinachoombwa si kikubwa. Kila avenyu inunue kwa pamoja spana bapa za koni, ambazo mara nyingi ni milimita 13 kwa mbele na 15 kwa nyuma, na kopo moja la grisi, vikae kwa mtu anayeaminiwa. Vitovu vifunguliwe mwanzo wa kiangazi na mwanzo wa mvua, na kila mara kinga inapozama majini mpaka katikati ya gurudumu. Wanaogawa misaada waweke spana ndani ya mfuko uleule wa msaada. Gharama ya gololi kumi na nane na grisi haifiki bei ya gurudumu zima, sembuse siku iliyopotea na makala yaliyobaki njiani.

Serikali iendelee kudaiwa barabara, tena kwa sauti kubwa. Lakini anayedai barabara huku kitovu chake kinalia, kesho atadai akiwa amesimama kando ya njia na magunia chini.