Tahariri: Tufunike Vyombo Vyetu

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Amma baad.

Nzega ni mji wa njia panda. Mabasi ya Dar es Salaam na Mwanza hupita hapa, na malori ya Rwanda na Burundi pia. Kila Ijumaa tunasimama safu moja na wasafiri. Homa nayo husafiri. Dengi ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014, na ilipolipuka tena mwaka 2019 wagonjwa walizidi 6,000 nchini.

Wengi wetu hudhani kuwa alalaye ndani ya chandarua amesalimika. Huyo amejikinga na mbu wa malaria, aumaye usiku. Mbu wa dengi huuma mchana, naye huzaliana katika maji masafi yaliyotulia: pipa, mtungi, tairi kuukuu. Mayai yake huweza kukaa miezi ubavuni mwa chombo kikavu yakisubiri maji, hivyo kumwaga pekee hakutoshi, chombo kisuguliwe.

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kufunika vyombo na kufunga viriba, kama alivyopokea Imam Muslim kwa Jabir (r.a.). Watoto wetu wanaihifadhi hadithi hii, kisha wanatoka darasani kwenda kutawadha kwenye pipa lililo wazi. Aibu hiyo ni yetu sisi walimu kwanza.

Wapo wasemao kuwa kumhofia mbu ni upungufu wa tawakkul. Je, Umar (r.a.) alipofika Sargh, akaambiwa kuna tauni huko Sham, hakurudi na watu wake? Abu Ubayda (r.a.) alipomhoji, alijibu kuwa anaikimbia kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah.

Basi msafiri avae nguo za mikono mirefu hata mchana, na ajipake dawa ya kufukuza mbu. Aendaye Hijja ajue kuwa dengi ipo Jeddah na Makka. Akiwa katika ihram achague dawa isiyo na manukato. Na chanjo ya homa ya manjano haikingi dengi.

Arudipo, akishikwa na homa ndani ya wiki mbili, asinunue dawa ya malaria kwa kukisia. Aende kupimwa na aeleze alikotoka. Asimeze aspirini wala diklofenaki, kwani huongeza hatari ya kuvuja damu. Alale ndani ya chandarua hata mchana, mbu asije akamwuma yeye kisha akamwuma jirani.

Mapipa ya misikiti yetu yatafutiwe vifuniko wiki hii, na yasuguliwe kila Alhamisi.

Wabillahi tawfiiq.